Baina ya Dawa na Subira: Je, Mgonjwa Mwenyewe Ameulizwa?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu mmoja alitujia baada ya sala ya Isha. Alisubiri mpaka watu walipotoka msikitini ndipo akaanza kusema. Mkewe, mama wa watoto wanne, amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi, na vipimo vimeonesha kuwa imekwishafika kwenye ini na mapafu. Madaktari wamemweleza kuwa dawa za kuingizwa mshipani huenda zikamwongezea miezi kadhaa, lakini hazitauondoa ugonjwa. Yeye anataka kuuza nyumba ampeleke India. Na juu ya hayo ana hofu nyingine. Ijumaa iliyopita khatibu wa mtaani kwake alisema kuwa anayekubali mgonjwa wake aachishwe dawa ameshiriki katika kumuua. Kisha shemeji yake akamletea kwenye simu darsa ya sheikh mwingine anayesema kinyume chake, kwamba kukimbilia dawa za hospitali katika maradhi kama haya ni upungufu wa tawakkul, na kwamba mwanamke wa Peponi ni yule aliyesubiri.

Tukamuuliza: "Na mama watoto mwenyewe anasemaje?"

Akainamisha kichwa. "Hajui, sheikh. Tumemwambia ni vidonda."

Tangu usiku ule tumesikiliza hotuba na darsa nyingi kuhusu jambo hili, na karibu zote zinaegemea upande mmoja kati ya hizo mbili. Hatutawataja wasemaji, kwa kuwa tunachokikosoa ni hoja, na wengi wao ni ndugu zetu wenye nia njema. Lakini nia njema haitoshi mahali ambapo neno la mimbarini linaweza kumfanya mtu auze paa la watoto wake, au amnyime mkewe dawa ya maumivu. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akaota, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammamu. Wakamjibu kuwa hawamwoni kuwa na ruhusa madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema kuwa wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake na juu ya baadhi ya nyongeza zake, lakini mafakihi hawakuacha kukitaja kisa hiki kila walipotaka kumuonya mwenye kutoa fatwa juu ya mwili wa mtu mwingine.

Hoja ya kwanza: kuacha dawa ni kujiua

Wenye kauli hii hutegemea Aya ya 195 ya Suratul Baqara, inayokataza kujitupa katika maangamizo, na Aya ya 29 ya Suratun Nisaa, inayokataza kujiua. Wanafunzi wanafahamu kuwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), alipowasikia watu mbele ya Konstantinopoli wakiitumia Aya ya Baqara dhidi ya mpiganaji aliyejitosa peke yake katika safu za adui, aliwasahihisha. Aliwaambia kuwa ilishuka kuwahusu Ansari walipotaka kubaki na mashamba yao na kuacha kutoa na kupigana. Kisa hiki kimo katika Abu Dawud na Tirmidhi. Hata hivyo hatumlaumu khatibu kwa hili, kwani kanuni ya wanazuoni wa usuli ni kuangalia ueneaji wa tamko, na si umahususi wa sababu. Aya inawahusu wagonjwa pia.

Kasoro iko kwingine. Ili Aya imlazimishe mgonjwa huyu kupokea dawa hii, inahitajika hatua ya pili, nayo ni kuthibitisha kuwa kuiacha ndiko kuangamia. Hatua hiyo khatibu hakuisema kabisa. Aliiruka.

Imamu Ghazali hakuiruka. Katika Ihya, kwenye kitabu cha Tawhidi na Tawakkul, ameyagawa mambo ya kuondoa madhara katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni lile ambalo athari yake ni ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuyaacha hayo hadi kufa si tawakkul, bali ni haramu. La pili ni la dhana yenye nguvu, kama dawa nyingi za matabibu, na kuzitumia hakupingani na tawakkul, wala kuziacha si haramu. La tatu ni la kubahatisha. Mgawanyo huu una umri wa zaidi ya miaka mia tisa, na kwa maoni yetu ndio ufunguo wa mas-ala yote haya, kwa sababu unamlazimisha mwenye kutoa fatwa aulize kwanza: dawa hii, kwa ugonjwa huu, ulipofika hapa, iko katika fungu gani?

Wala jibu si moja kwa kila kinachoitwa saratani. Chukua uvimbe wa taya unaowapata watoto wetu wa Afrika Mashariki, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na aliyoyaona Uganda. Huo, hata ukiwa mkubwa wa kutisha, dawa za mshipani huponya watoto wengi, na mzazi anayemkatalia mwanawe dawa hizo kwa jina la subira amekaribia sana fungu la kwanza la Ghazali. Saratani ya mlango wa kizazi nayo ikigunduliwa mapema hutibika kwa upasuaji au kwa mionzi, na mwanamke anayeambiwa asubiri akiwa katika hatua hiyo amedhulumiwa. Lakini ikiwa imekwishaingia kwenye ini na mapafu, habari ni nyingine. Dawa huwa ni ya kurefusha muda na kupunguza baadhi ya madhara, nayo ina madhara yake: kutapika, kukosa nguvu, damu kupungua, na siku nyingi za kulala wodini mbali na nyumbani.

Na jambo hili wagonjwa wenyewe hawaelezwi likaeleweka. Mwaka 2012 ulitolewa Marekani utafiti wa wagonjwa 1,193 waliokuwa wakipewa dawa za mshipani kwa saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyokwishaenea. Asilimia 69 ya wale wa mapafu, na asilimia 81 ya wale wa utumbo, hawakufahamu kuwa dawa hizo hazitarajiwi kuwaponya. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi ambayo daktari na mgonjwa wanasema lugha moja, itakuwaje kwetu, ambako mgonjwa huelezwa kwa dakika tano, nusu ya maneno kwa Kiingereza, naye anaitikia tu kwa adabu?

Katika historia yetu matabibu Waislamu walikuwa wakweli zaidi katika hili. Neno saratani lenyewe ni la Kiarabu, lenye maana ya kaa, yule wa pwani. Ibn Sina katika al-Qanun, akifuata rai iliyotoka kwa Hippocrates, ameeleza kuwa saratani iliyojificha ndani huenda ikichokozwa ikamwahisha mgonjwa kufa, na ikiachwa huenda akaishi muda mrefu zaidi. Naye az-Zahrawi wa Andalus, mpasuaji aliyewafundisha hadi Wazungu, amekiri katika at-Tasrif kuwa uvimbe huo ukishakuwa mkubwa hakuwahi kuuponya, wala hakumwona aliyeuponya. Elimu ya leo imewapita mbali, na hatutaji kauli zao ili zifuatwe kama dawa. Tunazitaja kwa kuwa hawakuona haya kusema kuwa tiba inaweza kudhuru zaidi kuliko ugonjwa.

Ama Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, ambalo khatibu yule alilitaja kwa jina, liliamua katika kikao chake cha saba mwezi Mei 1992, azimio namba 67, kuwa hukumu ya kujitibu hutofautiana. Ni wajibu ikiwa kuacha kutapelekea kupotea kwa nafsi, au kiungo, au ulemavu, au ikiwa ugonjwa unaambukiza wengine. Ni sunna ikiwa kuacha kunaudhoofisha mwili bila kufikia hayo. Na ni makuruhu ikiwa tiba yenyewe inahofiwa kuleta madhara makubwa kuliko yale inayotaka kuyaondoa. Khatibu alisoma sehemu ya kwanza, akashuka. Azimio hilohilo linasema pia kuwa ruhusa ya mgonjwa ni sharti akiwa na uwezo kamili wa kisheria, na kwamba mgonjwa aliyekatiwa tamaa anatakiwa atiwe moyo, ahudumiwe na apunguziwe maumivu ya mwili na ya nafsi, awe anatarajiwa kupona au hatarajiwi. Kusoma nusu ya azimio ni sawa na kutolisoma.

Hoja ya pili: mwanamke aliyesubiri

Upande wa pili hutegemea hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), ya mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa. Alimjia Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa huanguka na nguo zikamfunuka, akamuomba amuombee. Mtume akamhiyarisha: akitaka asubiri na apate Pepo, na akitaka atamuombea aponywe. Akachagua kusubiri, kisha akaomba aombewe asifunuke. Akaombewa.

Ni hadithi sahihi na tukufu, na Ibn Taymiyya ameitumia kuonesha kuwa kujitibu si wajibu kwa kila mgonjwa. Lakini wanaoisoma kwa kuwazuia wagonjwa wasiende hospitali wanapita juu ya matamko yake mawili muhimu. La kwanza ni kuwa Mtume (s.a.w.) hakumchagulia. Alimweka baina ya mambo mawili, na yeye akachagua. Hakumuuliza mumewe, wala kaka yake, wala hakumhukumia kuwa mwenye imani husubiri. Sasa ndugu yetu wa darsa ameigeuza hadithi ya hiyari kuwa hadithi ya amri.

La pili ndilo tunalotaka wanafunzi walitazame sana. Mwanamke yule hakukubali kila kitu. Aliuacha ugonjwa ubaki, lakini kuna sehemu moja ya ugonjwa iliyokuwa ikimuumiza kuliko nyingine, nayo ni kufunuka mbele ya watu, na hiyo aliomba iondolewe. Akakubaliwa. Hapa pana dalili ya wazi kuwa mtu anaweza kuacha kuufukuza ugonjwa wenyewe na wakati huohuo akatafuta kuondolewa kile kinachomtesa au kumvunjia heshima. Hii ndiyo kazi ya wahudumu wanaoitwa kwetu watoaji wa tiba shufaa: maumivu, kichefuchefu, harufu ya kidonda, damu isiyokoma. Anayemwambia mgonjwa avumilie maumivu ambayo dawa yake ipo, kisha akamtajia mwanamke huyu, ameichukua hadithi na kuiacha nusu yake.

Kuhusu habasoda hatutarefusha. Hadithi yake ni sahihi, na al-Khattabi na wengineo wameeleza kuwa tamko lake ni la jumla lililokusudiwa mahususi, kwa maradhi yanayoafikiana na tabia ya dawa ile. Kisomo cha ruqya nacho ni sunna, na hakuna daktari anayemzuia mtu kusomewa.

Walichokiacha wote wawili

Katika Bukhari na Muslim kuna hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) ambayo hatukuisikia katika hotuba hata moja kati ya tulizozisikiliza. Mtume (s.a.w.) akiwa katika maradhi yake ya mwisho, ahali zake walimtilia dawa pembeni mwa kinywa, ile inayoitwa laduud. Alikuwa akiwaashiria wasifanye. Wakasemezana kuwa hiyo ni chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwauliza kama hakuwakataza, wakatoa udhuru uleule. Akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiliwe dawa ile mbele ya macho yake, isipokuwa al-Abbas, kwa kuwa hakuwapo.

Tazama ni nani waliofanya hivyo. Ni watu waliompenda kuliko nafsi zao. Na udhuru wao ni uleule tunaousikia leo kwenye korido za hospitali: "Mgonjwa hajui kitu, wagonjwa wote hukataa dawa, mpeni tu." Haukukubaliwa.

Huenda mtu akasema kuwa Mtume (s.a.w.) alikataa kwa sababu dawa ile haikuwa ya ugonjwa wake, kwani katika baadhi ya riwaya imekuja kuwa walimdhania ugonjwa wa ubavu, naye akakanusha kuwa Allah hamsalitishii huo. Maelezo haya yametajwa na wafafanuzi. Nasi tunasema: hata tukiyachukua, yanamhukumu zaidi anayemlazimisha mtu kupokea dawa isiyotarajiwa kumponya.

Na fiqhi yetu ya madhehebu ya Shafii, inayosomeshwa kuanzia Lamu hadi Kilwa na Visiwani, imelimaliza suala hili kwa maneno machache. Imamu Nawawi katika Minhaj, mwishoni mwa mlango wa Janaza, baada ya kutaja ukaraha wa kutamani mauti kwa sababu ya dhara, ametaja kuwa kujitibu ni sunna, na papo hapo akafuatisha kuwa ni makuruhu kumlazimisha mgonjwa. Wangapi kati yetu tumeihitimu Minhaj na tumepita hapo mbio kuelekea kwenye mlango wa Zaka? Baadhi ya wanaoishereheshea huleta hadithi ya kutowalazimisha wagonjwa chakula, ambayo Tirmidhi ameipa daraja ya hasan na Nawawi mwenyewe akaidhoofisha katika al-Majmu. Haina haja. Hadithi ya laduud inatosha.

Hapa ndipo linapokuja kosa la ndugu yetu na la familia nyingi, kosa linalofanywa kwa huruma: kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Mume si walii wa mkewe katika mwili wake. Mwanamke mwenye akili timamu anamiliki mali yake, anauza, ananunua, anaweka nadhiri. Vipi asimiliki ruhusa ya kuingiziwa sindano? Qur'ani katika Aya ya 233 ya Suratul Baqara imewataka mume na mke washauriane na waridhiane katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa. Jambo la ziwa la mtoto lina mashauriano, na jambo la uhai wa mama mwenyewe liamuliwe na shemeji sebuleni?

Tena kumficha kunamharibia ibada, na hili wengi hawalifikirii. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.), hakuona inafaa Muislamu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Ataandikaje asiyejua? Ataombaje radhi kwa aliowakosea, atarudishaje amana ya kikundi chake cha kuwekeana fedha? Na katika ugonjwa huu hasa kuna mas-ala ya damu. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu damu isiyokatika, alimjibu kuwa huo ni mshipa, wala si hedhi. Damu ya saratani ya kizazi inayokuja nje ya siku za ada ni istihadha, na mwenye nayo anajisafisha, anajifunga, anatawadha kwa kila faradhi wakati wake ukiingia, anasali na anafunga. Mke wa ndugu yetu, kwa kuwa aliambiwa ni vidonda vitakavyopona na hakuna aliyemfafanulia damu ile ni nini, alikuwa akidhani hedhi yake imevurugika. Alikuwa haswali siku nyingi katika kila mwezi, kwa muda wa miezi mitano.

Ubora wa maisha, na thamani yake

Tumemsikia msemaji mmoja akidai kuwa kuzungumzia ubora wa maisha ni fikra ya Kizungu, na kwamba kwa Muislamu uhai ni uhai. Sehemu ya maneno yake ni kweli. Uhai ni amana, na kumdunga mgonjwa sindano ili afe ni haramu. Hata mwenyewe kujiua kwa kuchoshwa na maumivu ni haramu, na kisa cha yule aliyejikata mkono kwa kisu kwa kukosa subira, katika hadithi ya Jundub (r.a.), ni onyo kali. Lakini kuacha dawa isiyoponya si kisu. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Anas (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, alipokataza kutamani mauti kwa sababu ya dhara, alimfundisha asiye na budi aombe ahuishwe muda ambao uhai ni kheri kwake, na afishwe ikiwa mauti ni kheri kwake. Kupima kheri ya uhai kumo ndani ya dua hiyo. Kwa muumini kheri hiyo ni pana: kuswali akiwa na akili zake, kuongea na wanawe, kulala usiku bila kupiga kelele.

Wala haifai kudhani kuwa anayeshughulikia maumivu ameyauza masiku ya mgonjwa. Mwaka 2010 hospitali moja ya Boston ilichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwishaenea. Nusu yao walipewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu yao ya kawaida. Hao walikuwa na hali bora, na wachache zaidi kati yao walipewa matibabu makali siku za mwisho, nao waliishi kwa wastani miezi 11.6, ilhali wenzao waliishi 8.9. Huo ni utafiti mmoja wa ugonjwa mmoja, hatuujengei akida. Lakini unatosha kumnyamazisha anayesema kuwa kutuliza maumivu ni kukata tamaa.

Swali la mofini huulizwa sana: si kileo? Nawawi katika al-Majmu amesahihisha kujuzu kutumia kinachoondoa akili pale mtu anapohitaji kukatwa kiungo kilichooza. Basi kipimo cha mofini kinachotuliza maumivu na kumwachia mtu akili yake kina haki zaidi ya kujuzu. Shirika la Afya Duniani liliitia katika ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani tangu 1986, na jirani zetu wa Uganda walirekebisha sheria mwaka 2004 ili hata wauguzi waliofunzwa waweze kuiandika. Maimamu wapunguze kuwatisha watu nayo. Na mgonjwa anayesinzia kwa dawa, au anayepata tabu ya kutawadha mara tano, na aelezwe kuwa Nawawi katika Rawdha ameipa nguvu kauli ya kujuzu kukusanya sala mbili kwa ajili ya ugonjwa, ingawa si kauli mashuhuri ya madhehebu. Imran bin Husayn (r.a.), ambaye ndiye aliyetupokelea hadithi ya kusali kwa kukaa na kwa ubavu, aliuliza hilo kwa sababu ya ugonjwa wake mwenyewe.

Imebaki nyumba ya kuuzwa. Wanafunzi wa Minhaj wanajua kuwa mafakihi wa kale hawakuihesabu dawa wala ujira wa tabibu katika nafaka anayodaiwa mume. Sheikh Wahba az-Zuhayli ameeleza kuwa kauli hiyo ilijengeka juu ya hali ya zama zao, na kwamba leo matibabu ni haja ya msingi kama chakula, hivyo yanampasa mume. Tunaikubali kauli yake, na tunamsifu ndugu yetu kwa kutotafuta upenyo wa kukwepa. Lakini nafaka hupimwa kwa uwezo. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipokuwa mgonjwa na akataka kuitoa mali yake, Mtume (s.a.w.) alimsimamisha kwenye thuluthi, akamweleza kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Hadithi ni ya wasia, si ya dawa, nasi hatuibebeshi zaidi. Ila inaonesha kuwa watoto wanne wasio na paa ni jambo linaloingia kwenye mizani, na kwamba mume anayeliingiza si bahili.

Na kama anataka jihadi ya mali na nafsi kwa ajili ya mkewe, anayo mfano wake. Mwaka wa pili Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badr, Uthman bin Affan (r.a.) alibaki Madina akimuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.). Vita vile ndivyo vilivyowapa waliohudhuria daraja isiyofikiwa na wengine, na Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa atapata ujira na fungu la aliyehudhuria. Ruqayya hakupona. Alifariki siku zilezile ambapo habari za ushindi zilifika Madina. Hakuna aliyesema kuwa Uthman alikosa fungu lake kwa kuwa mgonjwa hakupona.

Ndugu yetu alirudi nyumbani. Mkewe aliambiwa siku ya tatu, na dada yake mkubwa pamoja na daktari mwanamke aliyekubali kukaa naye kitandani na kusema kwa Kiswahili. Alilia, kisha akauliza maswali mawili: kama damu inaweza kukatwa, na kama mwisho utakuwa na maumivu. Alichagua mionzi ya siku chache kwa ajili ya damu, akakubali mofini ya maji, akaikataa safari ya India na dawa za mshipani. Mumewe hakupendezwa. Alimnyamazia siku mbili, kisha akaacha kuzungumzia nyumba.

Kwetu sisi alileta swali moja tu, nalo halikuhusu dawa. Lilikuwa ni la zile sala za miezi mitano. Tulimweleza kauli ya madhehebu yetu kuwa atazilipa kadiri ya uwezo wake, na tukamweleza pia kauli aliyoielekea Ibn Taymiyya, kuwa mwenye istihadha aliyeacha kwa kudhani hadaiwi halazimiki kulipa, kwani Mtume (s.a.w.) hakumwamuru aliyemjia kwa hali hiyo azirudie. Tulitaraji atachukua iliyo nyepesi. Alichukua ya kulipa, sala za siku moja baada ya kila Adhuhuri, akisali kwa ubavu, na binti yake akimwekea alama kwenye daftari la shule.